Jina Kwenye Karatasi ya Simu

Grand Island, Nebraska
21 Mei 2000

Baba,

Samahani kwa kimya. Nilisema nikishapitishwa na chama nitapumzika wiki moja, lakini kesho yake tu meneja wangu wa kampeni, Bwana Crandall, alinifungia chumbani. Sitanii. Ni chumba kidogo nyuma ya duka la mazulia, kina meza, simu mbili na dirisha linalotazama ukuta. Kila siku saa tatu asubuhi msichana wa ofisini, Maribeth, ananiletea rundo la karatasi. Kila karatasi ni mtu mmoja: jina lake, kazi yake, mwaka juzi alimchangia nani na kiasi gani, mkewe anaitwaje, mtoto yuko chuo gani, goti lipi lilipasuliwa. Chini kabisa kuna kiasi cha kumwomba. Nampigia, namuuliza habari za goti, halafu naomba. Dakika nne, karatasi inayofuata. Hivyo hivyo mpaka saa kumi na moja jioni.

Nilidhani kugombea Bunge ni kusimama mbele ya watu. Watu nawaona Jumamosi tu. Siku nyingine zote naongea na watu hamsini kwa siku na jioni sikumbuki hata sauti ya mmoja. Crandall anasema mpinzani wetu yuko kwenye televisheni tangu Aprili, na kila nikiinuka kwenye kiti naongeza pengo.

Najua ungependa nikupigie na wewe. Lakini mara ya mwisho tulipigiana kelele dakika kumi, ukawa unajibu "sawa, sawa" hata pale nilipokuuliza swali. Masikio yako na simu havipatani. Tuandikiane, kama Mama alivyokuwa akiniandikia nikiwa chuoni.

Binti yako,
Darlene


Shambani, Burwell
2 Juni 2000

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, maana hapa hakuna kingine cha kusoma ila bei za ng'ombe. Kwa hiyo nimezaa mtoto mmoja, nikamsomesha sheria, akawa mwendesha mashtaka wa wilaya miaka kumi na sita, ili akafungiwe nyuma ya duka la mazulia kuombaomba. Mama yako angecheka mpaka ashike mlango.

Mimi sijambo, ukiacha nyonga ya kushoto. Nyasi zimeota vizuri pale ulipomzika Skip. Nakuona bado ukichimba na vile viatu vya mahakamani, hutaki nikusaidie, kana kwamba mbwa alikuwa wako peke yako. Miaka miwili imepita na sijafuga mwingine. Asubuhi bado natupa kipande cha mkate mlangoni, kisha namkumbuka, kisha naokota mkate.

Kuhusu simu, umesema kweli. Lakini kujibu "sawa" kwa kila kitu si uziwi tu. Nilitaka usikate.

Baba yako,
Emil Hruza


Shambani, Burwell
30 Julai 2000

Darlene,

Hii ni ya tatu tangu unijibu. Si lawama, nahesabu tu.

Nimeamua kuuza. Nyumba, ardhi, ng'ombe, matrekta, vyote. Mnada ni Jumamosi tarehe 14 Oktoba, saa nne asubuhi, hapa hapa uwanjani. Nyonga haipandi tena trekta na wewe huji kuchunga ng'ombe, hilo tulikwisha kuelewana zamani na sina kinyongo nalo. Nitahamia Ord, kwenye makao ya wazee yaliyo nyuma ya kanisa. Wana chumba chenye dirisha la mashariki.

Nina ombi moja. Njoo ulale hapa usiku mmoja kabla ya tarehe hiyo. Chumba chako kipo kama kilivyo. Nataka tuwe wawili ndani ya nyumba hii mara moja tena, tule, tuzime taa. Sitaki kuifunga peke yangu. Ni hilo tu.

Baba yako,
Emil


Grand Island, Nebraska
9 Agosti 2000

Baba mpendwa,

Nimefurahi mno kupata barua yako. Maneno yako yananipa nguvu katika safari hii ndefu, na kila ninaposimama mbele ya wananchi nakumbuka yale uliyonifundisha kuhusu kazi ya mikono na ujirani mwema.

Uamuzi wako wa kuuza shamba haukuwa mwepesi, lakini naamini ni wa busara. Nitajitahidi sana kuja ratiba ikiruhusu. Tafadhali jitunze nyonga, na mkune Skip nyuma ya masikio kwa niaba yangu.

Wako kwa mapenzi,
Darlene


Shambani, Burwell
15 Agosti 2000

Kwako wewe unayeniandikia kwa jina la binti yangu,

Skip hajambo. Ametulia sana. Yuko futi nne chini ya ardhi tangu 1998 na aliyemweka huko ni Darlene mwenyewe, kwa koleo.

Sahihi ni yake kabisa, hilo umeniweza. Nimeilinganisha na ya Krismasi, haina tofauti hata ya unywele. Lakini binti yangu hajawahi kuniandikia "mpendwa" tangu azaliwe, na "safari hii ndefu" ni neno la mtu anayesimama juu ya jukwaa. Sina hasira. Naomba uniambie jambo moja tu, nawe uniambie kweli: je, barua yangu ya Julai ameisoma?

Emil Hruza


Grand Island, Nebraska
22 Agosti 2000

Mzee Hruza,

Ni mimi, Maribeth Kosmicki, ninayepeleka karatasi. Nimeona haya kiasi nisichoweza kueleza.

Hapa kila mtu ana kadi, hata ndugu wa mgombea, ili tusikosee tunapojibu barua. Kadi yako inasema: "Baba. Emil. Burwell. Nyonga. Mbwa: Skip." Aliyeiandika hakuandika kwamba mbwa amekufa. Sahihi inawekwa na mashine. Inashika kalamu kama mkono na inaandika jina lake mara mia tatu kwa saa.

Hajaisoma. Bwana Crandall ameagiza barua za nyumbani ziwekwe kwenye jalada la "baada ya uchaguzi," kwa sababu mara ya mwisho Darlene alipopata barua yako alitoka nje akakaa garini nusu saa, tukapoteza simu saba. Niliiweka yako mezani kwake mara mbili kwa siri. Mara zote mbili Crandall aliiondoa kabla Darlene hajafika.

Anachokisoma kwa hakika ni karatasi za simu tu. Kila neno, mpaka chini. Nakuomba radhi kuhusu Skip.

Maribeth


Shambani, Burwell
28 Agosti 2000

Binti Kosmicki,

Asante kwa kusema kweli. Hiyo habari ya garini nitaiweka, ni nzuri kuliko barua yote uliyonitungia.

Sasa nieleze kazi yenu vizuri, kama unavyomweleza mkulima. Mtu akitaka jina lake liwe kwenye karatasi ya simu, anatakiwa awe nani?

E. Hruza


Grand Island, Nebraska
4 Septemba 2000

Mzee Hruza,

Najua unakoelekea na nakuomba usifanye.

Lakini umeuliza, na nilishakudanganya mara moja. Anayetoa chini ya dola mia tano anapata barua ya mashine. Kuanzia mia tano anaingia kwenye karatasi. Anayetoa elfu moja, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa sheria inachomruhusu mtu mmoja, hupigiwa na mgombea mwenyewe bila kukosa. Baba hana msamaha. Mbele ya sheria hiyo na wewe ni mchangiaji tu.

Nitajaribu tena kuiweka barua mezani. Tafadhali subiri kidogo.

Maribeth


Grand Island, Nebraska
25 Septemba 2000

Mpendwa Emil,

Sijui nikushukuru vipi! Watu kama wewe ndio moyo wa kampeni hii. Mchango wako wa dola 1,000 umeniambia kwamba siko peke yangu.

Wewe na mimi, Emil, tunajua kwamba Washington imesahau familia zinazofanya kazi. Pamoja tutawakumbusha. Tafadhali wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Darlene Hruza

N.B. Emil, hesabu zetu zinafungwa tarehe 30 mwezi huu. Je, kuna jirani au jamaa unayeweza kumwomba atoe kama wewe ulivyotoa?


Grand Island, Nebraska
5 Oktoba 2000

Mzee Hruza,

Nakuandikia kabla sijaenda kulala kwa sababu nataka ujue ilivyokuwa upande huu.

Hundi ilipofika Crandall aliona jina akacheka, akasema "hata mzee wake ametoa," akataka iende benki na jambo liishe. Nikamwambia utaratibu ni utaratibu, aliyetoa elfu anapigiwa. Alikubali, maana utaratibu aliuweka yeye. Nikakuandalia karatasi yako kama ya mtu mwingine yeyote na kuiweka ya kumi na tisa, baada ya daktari wa meno wa Kearney.

Niliandika hivi, pamoja na yale uliyonieleza ulipotuma hundi: "Hruza, Emil. Miaka 79. Mfugaji. Mgane. Anaishi peke yake. Nyonga ya kushoto. Mbwa Skip amekufa. Mgombea alimzika mwenyewe. Ameuza ndama wawili ili kupata mchango huu. Shamba linauzwa tarehe 14 Oktoba. Barua tatu hazijajibiwa." Pale pa kuandika kiasi cha kumwomba niliandika: "Usiombe. Yeye ndiye anayeomba. Anataka uende ulale nyumbani usiku mmoja kabla ya mnada."

Darlene alikuwa ameshaanza kubonyeza namba huku akisoma jina. Akasimama. Akarudisha simu mahali pake, akasoma mpaka chini, akarudia. Akaniuliza, "Nani aliandika barua alizopata?" Nikasema mimi. Sikujua kama atanifukuza. Akasema, "Toka nje, Maribeth, na umtoe na Crandall." Tulimsikia akipiga kelele kupitia ukuta, lakini si za ugomvi. Zilikuwa za mtu anayeongea na asiyesikia.

Ziliisha baada ya dakika nane. Tulipoingia macho yake yalikuwa mekundu. Alinyoosha mkono, nikampa karatasi ya ishirini.

Maribeth


Shambani, Burwell
15 Oktoba 2000

Darlene,

Mnada umekwisha. Bei ilikuwa nzuri. Ardhi imechukuliwa na kampuni ya kutoka Omaha, ng'ombe wamegawanywa kwa watu watatu. Kiti cha jikoni cha mama yako nilikitoa kwenye orodha dakika ya mwisho. Mnadishaji alinuna, nikamwambia anune tu.

Tuzungumze ile simu. Sikusikia yote. Nilisikia "Baba," nikasikia "nitakuja Ijumaa," na mengine nilijaza mwenyewe. Nilisikia pia kwamba unalia, hilo halihitaji masikio mazuri. Baada ya hapo nilishinda wiki nzima nikifanya mambo ya kijinga. Nilifua mashuka ya kitanda chako. Nilioka kolache za plamu, ile mikate midogo mitamu, kwa karatasi ya mapishi ya mama yako, zikatoka ngumu hata farasi angezikataa. Ijumaa niliacha taa ya barazani ikiwaka. Kila gari lililokata kona kule barabarani nilisimama, na kwa nyonga hii kusimama si mchezo.

Saa nne ya usiku nilikula kolache mbili, nikazima taa. Niliifunga nyumba peke yangu.

Imeniuma, Darlene. Naandika hivyo ili usije ukajiambia kwamba mzee hakujali. Sijutii wale ndama. Ningeuza wengine wawili kwa dakika nane nyingine, na hilo ndilo linalonitia aibu, kwamba sasa najua bei yake.

Simu ya hapa inakatwa tarehe 31. Namba ya Ord nimempa Maribeth aiandike kwenye kadi yangu.

Baba yako


Grand Island, Nebraska
19 Novemba 2000

Baba,

Huu ni mkono wangu. Utaona nilivyokata maneno na kuyaandika upya, mashine haikati.

Nimeshindwa kwa kura elfu moja na mia tatu. Hilo umeshalisoma gazetini. Ambalo hujalisoma ni hili. Ijumaa ile saa nane mchana begi lilikuwa garini. Nilikuwa nimekununulia hata kopo la kahawa unayoipenda. Crandall akaja akiniita katikati ya maegesho: watu kumi na wawili wa Omaha wamekubali kukaa mezani, usiku huo huo, kila mmoja na hundi yake. Ni fedha za matangazo ya wiki nzima, alisema, na wiki hiyo ndiyo itakayoamua. Nikasimama na funguo mkononi. Hakuna aliyenishika, Baba. Nilijiambia, Baba ataelewa. Nimekuja kugundua kwamba "ataelewa" ni neno nililolitumia mwaka mzima kwa kila mtu ambaye hakuwa kwenye karatasi.

Nilikula nyama na watu kumi na wawili. Mmoja aliniuliza nimetoka wapi, nikamweleza habari za shamba, za alfajiri na ndama na wewe. Nilieleza vizuri sana. Walitoa zaidi ya tulivyotarajia.

Ofisi imefungwa. Meza zimerudishwa kwa mwenyewe. Maribeth amepata kazi Lincoln. Orodha yote ya majina, pamoja na kadi, Crandall amempa mgombea mwingine wa chama ili kufidia deni la wachapishaji, na kadi yako imo humo. Niligundua jana. Nilimpigia kumwuliza, simu yake haipokelewi. Yangu nayo hailii. Tangu siku ya tatu baada ya uchaguzi hakuna aliyenipigia, na kati ya wale watu hamsini wa kila siku sijui hata mmoja ninayeweza kumwambia kwamba nimechoka.

Jana jioni nilikaa mbele ya simu kama nilivyozoea. Hakuna karatasi. Nikajaribu kukumbuka namba yoyote, kati ya hizo maelfu nilizopiga tangu Mei. Ilikuja moja tu, ya shambani, ile Mama aliyonifundisha nikiwa na miaka mitano ili nikipotea niitaje. Niliipiga. Sauti ya mashine ikasema namba hii haitumiki tena. Nikaipiga tena. Niliipiga mara nne.

Ord ni mwendo wa saa moja na nusu. Nimewasha gari mara mbili na kulizima mara mbili, maana sijui nikifika mlangoni nitasema mimi ni nani. Ndani ya bahasha hii kuna hundi ya zile dola elfu zako. Usinirudishie. Niandikie namba yako tu. Ukiona sistahili, niandikie hivyo.

Darlene


Makao ya wazee, Ord
24 Novemba 2000

Darlene,

Leo nimepata barua mbili. Moja yako. Nyingine ni ya bwana mmoja wa Scottsbluff anayegombea sijui nini, ananiita rafiki yake Emil, anasema mimi ni moyo wa kampeni yake, na ananiuliza habari za nyonga. Inaelekea mimi ni mtu mashuhuri.

Hundi yako nimeichana. Mashuka yako nilikuja nayo, na kiti cha mama yako kiko dirishani, hakijakaliwa. Chakula cha jioni hapa ni saa kumi na moja na viazi vyao havina chumvi, kwa hiyo njoo na chumvi. Ukifika mlangoni sema wewe ni binti wa Hruza. Nimeshawaambia tangu siku ya kwanza kwamba ninaye mmoja.

Namba ni 308-555-0146. Simu iko ukutani mwisho wa ukumbi, na wamenifungia kifaa cha kuongeza sauti, kwa hiyo nusu nitaisikia. Piga siku yoyote, saa yoyote. Ila usikate upesi, mwanangu. Kutoka kitandani mpaka pale na nyonga hii ni mwendo. Acha iite mpaka nifike.

Baba yako